Wahitimu wetu wa Uingereza na kazi ya kwanza

Suala la vijana wa Visiwani wanaomaliza masomo katika vyuo vikuu vya Uingereza, kisha wakatafuta huko huko kazi yao ya kwanza, huzungumzwa sana barazani na majumbani, na huzungumzwa kidogo mno katika ofisi zinazohusika. Wazee hulizungumza kwa wasiwasi, kwani wapo waliouza kiwanja au kuweka rehani mikarafuu ili mtoto apate kusoma. Vijana wenyewe hulizungumza kwa kunong'ona, kana kwamba kutafuta kazi ni kosa. Sisi tunaona umefika wakati wa kulizungumza hadharani, kwa hesabu zake na tarehe zake, kwa sababu hasara nyingi zinazotufikia masikioni hazitokani na uvivu wa vijana hao wala udhaifu wa vyeti vyao. Zinatokana na kutozijua kanuni mapema.

Neno lenyewe linalotawala jambo hili ni udhamini. Watu wa Visiwani si wageni wa neno hilo. Wengi wana jamaa zao Oman na nchi nyengine za Ghuba, na wanajua maana ya kafili. Lakini haifai kudhani kwamba mdhamini wa Uingereza ni kafili kwa jina jengine. Mdhamini wa huko ni mwajiri aliyepewa leseni na Wizara ya Mambo ya Ndani ya nchi hiyo, ambaye humpa mgeni hati ya udhamini kwa kazi maalumu, yenye cheo maalumu na mshahara uliotajwa. Ajira ikivunjika, mfanyakazi kwa kawaida hupewa siku 60 za kupata mdhamini mwengine, kubadilisha aina ya viza, au kuondoka. Bila ya mwajiri wa namna hiyo, shahada iwe nzuri vipi, mlango hufungwa muda wa viza unapokwisha.

Mlango huo umefunguliwa na kufungwa mara kadhaa. Ruhusa ya zamani ya kufanya kazi baada ya masomo iliondolewa mwezi Aprili 2012, na kwa muda wa miaka 9 mhitimu wa kigeni alibakiwa na miezi michache tu ya kutafuta mdhamini. Viza ya sasa ya wafanyakazi wenye ujuzi ilianza Disemba 2020, na viza ya wahitimu ilianza Julai 1, 2021, ikimpa mwenye shahada ya kwanza au ya pili miaka 2 ya kufanya kazi bila ya mdhamini, na mwenye shahada ya uzamivu miaka 3. Vijana wetu waliisikia habari hiyo, wakafurahi, na wengi wakaishia kuisikia hapo. Yaliyofuata hayakusikiwa. Mwezi Aprili 2024 kima cha mshahara wa kudhaminiwa kilipandishwa kutoka paundi 26,200 kwa mwaka hadi 38,700, na Julai 22, 2025 kikapandishwa tena hadi 41,700. Siku hiyo hiyo kazi nyingi zilizo chini ya kiwango cha shahada ziliondolewa katika orodha ya kazi zinazodhaminiwa, na kuajiri wahudumu wa wazee na wagonjwa kutoka nje kukasimamishwa. Kisha ikaamuliwa kwamba ombi la viza ya wahitimu litakalowasilishwa kuanzia Januari 1, 2027 litampa mwenye shahada ya kwanza au ya pili miezi 18 badala ya miaka 2. Tarehe hiyo ni ya kuandikwa ukutani na kila mzazi mwenye mtoto huko, kwani tofauti ya siku moja katika kuwasilisha ombi ni tofauti ya nusu mwaka wa kutafuta kazi.

Tuanze na saa, maana ndiyo inayowaponza wengi. Kijana anayekwenda kusoma shahada ya pili ya mwaka mmoja huwasili mwezi Septemba. Ndiyo kwanza anatafuta chumba, anatafuta koti, anajifunza kupanda treni. Lakini makampuni makubwa ya huko, ya uhasibu, ya uhandisi, ya benki na ya kompyuta, huanza kupokea maombi ya wahitimu wa mwaka unaofuata kuanzia Agosti na Septemba, na mengi hufunga kabla mwaka haujamalizika. Maana yake ni kwamba mlango mpana kuliko yote unafunguliwa wiki ile ile anayoteremka katika ndege, na unafungwa kabla hajafanya mtihani wake wa kwanza. Yeye, kwa adabu aliyolelewa nayo, hujiambia kwamba atasoma kwanza, amalize, apate cheti, ndipo atafute kazi. Wazee wetu walisema pole pole ndiyo mwendo, na kwa mambo mengi walisema kweli. Kwa jambo hili mwendo huo humfikisha mtu bandarini meli imeshang'oa nanga.

Jengine ni safari ya kuja nyumbani. Viza ya wahitimu huombwa ndani ya Uingereza tu, baada ya chuo kuiarifu Serikali ya huko kwamba mwanafunzi amemaliza masomo kwa kufaulu, na kabla viza yake ya uanafunzi haijakwisha. Kijana anayerudi Unguja au Pemba kupumzika na kusubiri matokeo, viza yake ikamalizikia huku, amekwisha kuipoteza nafasi hiyo, wala hakuna barua ya ubalozi itakayomrudishia. Kwa viwango vilivyowekwa mwaka 2025 ada ya viza hiyo ni paundi 880, na juu yake kuna malipo ya huduma za afya ya paundi 1,035 kwa kila mwaka, ambayo kwa miaka 2 ni paundi 2,070. Jumla ni paundi 2,950, nazo hulipwa kwa pamoja siku ya kuomba. Familia iliyopanga bajeti ya ada ya chuo na chakula peke yake hujikuta inatembeza mkono mwezi wa Septemba.

Tunakuja sasa kwa mwajiri, na hapa tunawaomba wasomaji wetu wawe na subira, kwa sababu ndipo ilipo siri ya jambo lote. Kwa kawaida huelezwa kwamba mwajiri wa Kizungu humkataa mgeni kwa chuki. Hatusemi kwamba chuki haipo. Lakini mara nyingi anayekataa ni karani aliyeshika kalamu na hesabu. Kampuni isiyo na leseni hulazimika kwanza kuiomba, na kwa viwango vya Aprili 2025 ada yake ni paundi 574 kwa kampuni ndogo na 1,579 kwa kubwa. Kila hati ya udhamini ni paundi 525. Kisha kuna tozo ya ujuzi, ambayo tangu Disemba 16, 2025 ni paundi 480 kwa mwaka kwa kampuni ndogo na 1,320 kwa kampuni kubwa, na hulipwa kwa miaka yote ya viza kwa mkupuo. Kampuni kubwa inayomdhamini mtu kwa miaka 3 hutoa paundi 3,960 za tozo hiyo peke yake, kabla mtu hajakaa mezani.

Hata hivyo, sheria yenyewe ina msamaha ambao vijana wengi hawaujui na waajiri wengi wanausahau. Mwajiri anayemdhamini mtu aliyeko Uingereza kwa viza ya uanafunzi, akabadilisha moja kwa moja kwenda viza ya wafanyakazi wenye ujuzi, halipi tozo ya ujuzi hata senti moja, wala hailipi mtu huyo atakapoongeza muda baadaye. Mtu huyo huyo akishahamia kwanza kwenye viza ya wahitimu, msamaha huo humtoka. Kwa hivyo, kijana anayefikiri kwamba amejipa nafasi kwa kuchukua viza ya wahitimu huenda amejiongezea bei mbele ya mwajiri kwa maelfu ya paundi. Hatusemi kwamba viza ya wahitimu haina faida. Kwa asiyepata kazi mapema ndiyo kimbilio lake. Tunasema kwamba aliyekwisha kupata mwajiri kabla ya kumaliza masomo hana haja ya kuzunguka, na anapaswa kumweleza mwajiri wake msamaha huo kwa maneno wazi, maana si kila afisa wa ajira anaujua.

Kuna pia kima cha chini kwa wanaoanza kazi. Mwenye umri chini ya miaka 26, au anayebadilisha kutoka viza ya uanafunzi au ya wahitimu, anaweza kudhaminiwa kwa mshahara wa paundi 33,400 kwa mwaka badala ya 41,700, ilimradi mshahara huo haupungui asilimia 70 ya kima kilichowekwa kwa kazi hiyo. Ni zaidi ya milioni mia moja za shilingi yetu, na mtu wa Michenzani akiisikia hesabu hiyo atadhani ni utajiri, mpaka atakapotajiwa kodi ya chumba cha London. Lakini nafuu hii ina kikomo cha miaka 4, na katika miaka hiyo 4 huhesabiwa pia muda aliotumia mtu kwenye viza ya wahitimu. Aliyekaa miaka 2 na viza hiyo akifanya kazi ya ghalani au mkahawani, akitafuta mdhamini bila haraka, amebakiwa na miaka 2 tu ya nafuu. Mwajiri anayejua hesabu humuona kuwa mtu atakayehitaji kupandishwa mshahara kwa ghafla baada ya muda mfupi, akamchagua mwengine. Kazi ya ghala ni ya halali na hulipa kodi ya nyumba, wala hatumdharau anayeifanya. Ila haimfikishi mtu kwa mdhamini, kwa kuwa si kazi ya kiwango cha shahada.

Kwa anayetaka kutafuta kwa akili, Serikali ya Uingereza hutoa orodha ya waajiri wote wenye leseni, pamoja na mji wa kila mmoja na aina ya viza anazoruhusiwa kudhamini. Orodha hiyo ni ya bure. Kuwemo kwa kampuni katika orodha si ahadi kwamba itamdhamini kila aombaye, lakini kutokuwemo kunamwambia mwombaji kwamba anaanza safari ndefu zaidi. Kijana aliyetuma maombi mia mbili bila ya kuitazama orodha amefanya kazi ya kuchota maji kwa tenga. Na anapofika kwenye lile swali la fomu, kwamba je, utahitaji udhamini sasa au baadaye, ajibu ukweli. Mwenye viza ya wahitimu hahitaji leo, atahitaji baadaye, na ndivyo anavyopaswa kuandika. Anayeficha hupata miezi michache ya mshahara na kisha hupata fedheha.

Tumetaja kwamba orodha ni ya bure kwa makusudi. Wapo watu, huko na hapa kwetu, wanaouza hati za udhamini kama vile mtu auzavyo kuponi za mafuta. Baada ya Uingereza kufungua mlango wa wahudumu wa wazee mwezi Februari 2022, wafanyakazi wengi kutoka nchi za Afrika na Asia walilipa fedha nyingi kwa mawakala, wakafika na kukuta hakuna kazi, au kuna saa chache za kazi zisizotosha kula. Mamia ya waajiri wa sekta hiyo walinyang'anywa leseni, na walioathirika kwanza ni wale wale waliolipa. Tunapenda ijulikane katika kila nyumba kwamba kwa kanuni za huko tozo ya ujuzi hailipwi na mfanyakazi, na tangu Disemba 31, 2024 mdhamini chini ya viza ya wafanyakazi wenye ujuzi haruhusiwi pia kumtupia mfanyakazi ada ya hati ya udhamini. Anayemwambia kijana wako atoe fedha apewe hati, huyo haajiri. Wazee waliozoea kuamini maneno ya mtu kwa kuwa ni mtoto wa fulani wa mtaa fulani waliangalie jambo hili kwa macho mawili.

Wapo watakaotuuliza kwa nini gazeti la Visiwani liwafundishe vijana kubaki ughaibuni, hali ya kuwa hospitali zetu zinataka madaktari na miradi yetu inataka wahandisi. Swali hilo ni la haki na hatulikimbii. Kwanza tuwatenganishe watu. Aliyekwenda kwa ufadhili wa Chevening amejifunga kurudi nyumbani kwa muda usiopungua miaka 2, na aliyekwenda kwa ufadhili wa Jumuiya ya Madola naye ameahidi kurudi. Hao warudi, na kuwasaidia kukwepa ahadi zao si kazi yetu. Mtumishi wa umma aliyepewa ruhusa ya masomo huku nafasi yake inamsubiri, naye ana deni kwa wenzake waliobeba kazi yake. Lakini yupo yule aliyesomeshwa na baba yake, au na kaka aliyeko Dubai, au kwa mkopo atakaoulipa mwenyewe. Huyu kumwita msaliti kwa kuwa anataka kufanya kazi miaka 3 katika fani aliyoisomea ni kumuonea.

Tena tuseme yanayojulikana. Mhandisi aliyesomea madaraja asijenge hata kivuko kimoja hajamaliza kusoma. Nusu ya ujuzi wa fani nyingi hupatikana chini ya mkuu wa kazi anayejua, mwenye vifaa, mwenye kukemea. Tukimrejesha kijana huyo bila ya nusu hiyo, kisha tukamweka ofisini akisubiri nafasi itangazwe, tumepata cheti cha kutundika, hatujapata mhandisi. Visiwa hivi vimekuwa vikipeleka watu nje na kupokea watu tangu zama za majahazi, na waliorudi na ufundi mikononi ndio waliotufaa. Marehemu wengi waliosoma Cairo, Moscow, Havana na Berlin ya Mashariki walirudi wakajenga skuli na hospitali zetu, na miongoni mwao walikuwemo waliofanya kazi huko kabla ya kurejea.

Wala njia ya Marekani si nyepesi zaidi, kama baadhi ya vijana wanavyodhani. Huko mhitimu hupewa miezi 12 ya kufanya kazi ya mafunzo, na miezi 24 zaidi kwa masomo ya sayansi, uhandisi na hisabati. Baadaye hutegemea viza ambazo kwa mwaka ni 65,000, na 20,000 nyengine kwa wenye shahada ya pili na kuendelea kutoka vyuo vya huko, nazo huwaniwa na dunia nzima kwa kura. Mwezi Septemba 2025 Rais wa nchi hiyo aliamuru maombi mapya ya walio nje ya Marekani yalipiwe dola 100,000. Tunaitaja kwa ufupi ili mtu asihame Uingereza akitafuta pepo.

Sasa tunawageukia wahusika wa Serikali. Bodi ya Mikopo na Wizara ya Elimu huonana na vijana wengi kabla hawajaondoka. Katika kikao cha kuwaaga, ambacho kwa kawaida hujaa hotuba za maadili, tunashauri ipatikane saa moja ya mambo haya: lini maombi ya kazi hufunguliwa, viza ya wahitimu huombwa wapi na kwa kiasi gani, msamaha wa tozo ni upi, orodha ya wadhamini iko wapi. Karatasi moja ya Kiswahili, pande mbili, iliyopitiwa na mwanasheria na kurekebishwa kila Aprili na Julai ambapo viwango vya huko hubadilika, ingetosha. Gharama yake haifiki posho ya safari moja ya afisa mmoja.

Ubalozi wetu London nao una nafasi ambayo hakuna mwengine aliye nayo. Wapo Wazanzibari walioajiriwa na kudhaminiwa katika makampuni na hospitali za Uingereza, na wapo wanaoishi huko tangu miaka ya sitini na sabini. Kuwakutanisha hao na wanafunzi wapya mwezi Oktoba, si mwezi Juni, kungefanya kazi kubwa kuliko tafrija nyingi. Tunasisitiza Oktoba kwa sababu tuliyokwisha kuieleza.

Yapo pia mambo ya mafaili, ambayo hayapendezi kuandikwa lakini ndiyo yanayokosesha watu kazi. Mwajiri wa huko akitaka kumwajiri mtu huandika kwa chuo alichosoma na kwa ofisi aliyofanya kazi awali, akiuliza kama ni kweli. Hutarajia jibu kwa siku, si kwa miezi. Barua hiyo inapowasili hapa ikazunguka kutoka meza hadi meza, ikasubiri mkubwa arudi safari, kijana hupoteza nafasi na hajui kilichompoteza. Tunapendekeza kila chuo na kila taasisi ya umma iteue afisa mmoja wa kujibu uthibitisho wa namna hiyo, mwenye anwani inayojulikana, na muda wa siku 5 za kazi. Pasipoti vivyo hivyo: anayeomba viza na pasipoti yake imebakisha miezi michache hupata tabu ambayo ingeepukwa kabla ya safari.

La mwisho ni la kurudi. Kijana aliyefanya kazi miaka 3 au 4 Leeds au Manchester, akaamua kurejea, mara nyingi hupangiwa daraja la mshahara la aliyemaliza chuo jana, kwa hoja kwamba uzoefu wake si wa hapa. Kama tunataka arudi, uzoefu huo uhesabiwe kwa maandishi na kwa kanuni moja kwa wote, badala ya kutegemea hisani ya mkuu wa idara. Tume ya Utumishi na wizara zinazohusika wanaweza kulitengeneza jambo hilo bila ya sheria mpya. Tunatarajia kusikia kutoka kwao kabla ya kundi la Septemba kuondoka.